Semina ya wachumba wametuambia hulka zetu haziendani, naombeni mwenye uelewa anisaidie

Mwanamoro28

Wakuu habari za muda huu, naombeni mnisome mpaka mwisho mana hili jambo linaninyima usingizi leo siku ya nne.

Mi nina miaka 28, mchumba wangu 33, mahari imeshatolewa, kamati imeshakaa vikao viwili na harusi panapo majaliwa ni mwezi wa 11. Jumamosi tulienda semina ya wachumba, tukapewa karatasi ya maswali 40, kila swali lina maneno manne unaweka tiki kwenye lile linalokufaa zaidi, ukimaliza unajumlisha chini afu unaambiwa we ni nani. Kuna sangwini (mchangamfu), koleriki (mkali mwenye haraka), melankoli (mwenye mawazo mengi) na flegmatiki (mtulivu). Mi nimetoka flegmatiki, tiki 27 kati ya 40. Mwenzangu koleriki 25. Mwezeshaji akatusimamisha akasema mbele ya watu kwamba sisi wawili tukajifikirie upya kwa sababu koleriki atamwendesha flegmatiki maisha yote, na flegmatiki akija kuchoka haongei, anaondoka tu. Watu wakacheka. Mwenzangu hakucheka, alinirudisha nyumbani na pikipiki bila kusema neno, tulivyofika akasema "ulale salama" akageuza.

Kinachoniuma ni kwamba kuna ukweli ndani yake. Mwezi uliopita tulikaa kwa dada yake tunapanga mambo ya ukumbi, ana kaunta buku lake anaandika haraka haraka mpaka kalamu inatoboa karatasi, akataja ukumbi fulani uko ghorofani nikasema sawa. Mama yangu magoti yanamsumbua, ngazi hapandi, na nlijua hilo wakati naitamka ile sawa, lakini nlimwona amechangamka na mipango nikashindwa kumkatisha. Jioni ileile akalipa kianzio. Mpaka leo sijamwambia.

Sasa naombeni kujua, hizi hulka ni kweli? Mtu anazaliwa nayo ndo basi? Na watu wa aina mbili tofauti hivi wanaishi?

Jiwe_la_Pembeni

Dada swali moja tu kabla ya yote. Anakutukana? Anakunyanyulia mkono? Anakushikia simu? Kama ndio basi hiyo haiitwi koleriki, huo ni unyanyasaji na usikubali utafutiwe jina zuri la semina. Nimeona mtu anapigwa ndani ya ndoa huku ndugu wanamwambia mvumilie ndo hulka yake. Kama hakuna hivyo vitu, subiri wenye elimu yao waje.

Mwanamoro28

Hapana kaka, hajawahi hata kuniinulia sauti. Ni mtu wa haraka tu, akiona jambo limekaa bila kuamuliwa hapumziki.

MamaPacha_Mbeya

Mdogo wangu pole na hongera kwa wakati mmoja. Mi nimeolewa mwaka wa 13 huu na kwenye karatasi kama hiyo ningetoka sangwini tiki zote 40, naongea na kila mtu, kwenye daladala nashuka nikiwa nimepata shoga mpya, hela ikiingia mkononi nawaza nani nimfurahishe. Mume wangu ni kinyume changu kabisa. Mtu wa mahesabu, kila kitu kina mahali pake, na ana bati la biskuti lile la duara amejaza risiti. Risiti za luku, za mbolea, za ada, hata ya sufuria tulilonunua mwaka 2015 imo. Jumapili jioni anakaa nalo mezani anatoa karatasi mojamoja ananyoosha kwa kiganja afu anaandika kwenye daftari.

Miaka sita ya kwanza lile bati lilinitesa. Nlikuwa najua moyoni kwamba huyu mwanaume ni bahili na haniamini, ananichunguza, nikitoka sokoni naanza kujitetea kabla hajauliza. Nikawa natupa risiti njiani makusudi. Tukagombana kwa ajili ya karatasi za shilingi elfu mbili tatu, mpaka mashemeji wakaitwa.

Siku moja tulienda msibani kwao, usiku wanaume wamekaa nje mi niko na mama mkwe jikoni tunamenya viazi, akaanza kunisimulia tu bila mi kuuliza, kwamba baba yao alinyang'anywa shamba la ekari nne kwa deni ambalo alishalilipa, ila hakuwa na karatasi ya kuonyesha. Mume wangu alikuwa na miaka 11, ndo alitumwa akatafute ile karatasi nyumba nzima, chini ya godoro, kwenye makopo, kwenye dari, hakuiona. Nlishindwa kuendelea na viazi.

Tuliporudi Mbeya nlimuuliza, akaniambia yote. Hakuwahi kunichunguza hata siku moja. Anaogopa kuja kuitwa mahali akakosa karatasi. Tangu hapo nikitoka dukani risiti natia mwenyewe kwenye bati, na yeye nikitoa hela kwa mtu mwenye shida haniulizi ilienda wapi, mana na mi nlimweleza kwamba mi nimekulia nyumba ya watoto tisa nikilala njaa na majirani wanajua, kwahiyo mtu akija mlangoni kwangu siwezi kumwambia sina wakati ninayo.

Nnachotaka kukwambia ni kwamba tabia niliiona miaka sita kila Jumapili, sababu yake sikuijua. Karatasi yako ya tiki imekuonyesha tabia. Sababu haijakuonyesha na yule mwezeshaji haijui. Nenda kaulize.

Mwl_Saikolojia

Nimesomea saikolojia na ndo kazi yangu kufundisha, ngoja nichangie kwa upande huo, itakuwa ndefu mnivumilie.

Hizo hulka nne ni za Ugiriki ya kale. Daktari Hippocrates na wenzake, na baadae daktari mwingine Galen karne ya 2, waliamini mwili una majimaji manne, yani damu, nyongo ya njano, nyongo nyeusi na makohozi. Yakikaa sawa mtu ana afya, moja likizidi linamtia ugonjwa na linampa tabia. Damu ikizidi mtu mchangamfu, nyongo ya njano mkali na mwenye haraka, nyongo nyeusi mwenye mawazo mengi na huzuni, makohozi mtulivu na mzito. Udaktari uliachana na hayo majimaji zamani sana lakini majina yalibaki, na leo yanafundishwa kwenye semina nyingi za ndoa kana kwamba ni vipimo vya maabara.

Zipo testi nyingine za haiba ambazo huenda mmekutana nazo makazini. Ile ya herufi nne yenye aina 16 ilitengenezwa Marekani na mama na binti yake, Katharine Briggs na Isabel Briggs Myers, wakichukua mawazo ya mwanasaikolojia wa Uswisi Carl Jung aliyoandika mwaka 1921. Isabel alianza kuandika maswali yale wakati wa vita kuu ya pili, na hawakuwa wamesomea saikolojia, walikuwa watu makini waliopenda kuelewa watu. Ile ya DISC, nayo inayogawa watu aina nne, imetokana na mwanasaikolojia William Marston, 1928. Kuna pia eneagramu yenye aina tisa, hiyo ushahidi wake wa kisayansi ni mdogo ila ina kitu kimoja nakipenda, inaanza na hofu na shauku ya mtu kabla ya tabia yake. Watu wawili wanaweza kuwa wanafanya kazi usiku na mchana, mmoja anaogopa kudharauliwa mwingine anapenda ile kazi yenyewe, ukiwatuliza kwa namna moja mmoja utamkosa.

Sasa kwa nini ulivyosomewa uliona kama wanakujua? Mwaka 1948 mwanasaikolojia Mmarekani Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 testi ya haiba, afu kila mmoja akapewa majibu "yake". Akawaambia wayape alama 0 mpaka 5 kwa jinsi yanavyowaelezea. Wastani ulikuwa 4.26. Kumbe wote walipewa karatasi moja yenye maneno yaleyale, nyingi ya sentensi alizitoa kwenye kitabu cha unajimu cha mtaani. Nafanya hili zoezi kila mwaka na wanafunzi wangu, na kila mwaka wapo wanaoniomba wabaki na karatasi kwa sababu imewagusa. Siwalaumu, sentensi kama "kuna wakati unaongea na watu vizuri na kuna wakati unataka kukaa peke yako" nani haimhusu?

Tatizo la pili ni kukata watu mafungu. Urefu wa watu hauko hivyo kwamba kuna kundi la warefu na kundi la wafupi na katikati hakuna mtu, wengi wetu tuko katikati. Haiba nayo iko hivyo. Ndo mana watafiti wengi sa hivi wanatumia vipimo vitano vinavyoenda kwa kiwango: kupenda mambo mapya, kujituma na mpangilio, uchangamfu, upole kwa wengine, na wepesi wa kuingiwa na wasiwasi. Kila mtu anavyo vyote vitano, kinachotofautiana ni kiasi. Na hata hivyo vitano si mwisho wa maneno, mwaka 2013 watafiti walioenda kwa watu wa Tsimane huko Bolivia, wakulima na wawindaji wa msituni, hawakuviona vikijipanga vile vitano kama vinavyojipanga kwenye miji ya Ulaya na Marekani.

Dada una tiki 27 za flegmatiki. Zilizobaki 13 ziko wapi? Hujazitaja na sidhani kama mwezeshaji alizitaja, na 13 ni karibu theluthi ya karatasi nzima.

Afu nikuulize kitu kwa upole. Kwenye hiyo karatasi kulikuwa na maneno kama mpole, mvumilivu, mtulivu, msikilizaji? Binti aliyelelewa vizuri huku kwetu, ukimwekea neno mpole na jingine jasiri, ataweka tiki wapi? Ukimwekea mwanaume kiongozi na jingine mtiifu? Inawezekana kabisa sehemu ya zile tiki zako ni vile ulivyo, na sehemu ni vile ulivyosifiwa tangu ukiwa mdogo ukibeba sinia la chai kwa wageni. Hivyo ni vitu viwili.

Kuhusu kubadilika, haiba inatulia kadiri umri unavyoenda lakini haijafungwa kwa kufuli, na hata pale usipobadilika sana unaweza kujifunza tendo moja jipya. Mtu mkimya hahitaji kuwa mwongeaji. Anahitaji kujifunza kusema sentensi moja kwa wakati wake.

BintiMvita

Assalaam aleikum. Mwalimu ameeleza vizuri sana, mimi nitaongeza kidogo upande wa lugha maana hili jambo si geni kama tunavyolidhani.

Vitabu vya Galen vilitafsiriwa kwa Kiarabu Baghdad karne ya 9, Hunayn ibn Ishaq ndiye mkubwa wa kazi hiyo, na baadaye tabibu Ibn Sina akayaendeleza. Elimu ile ikasafiri na majahazi mpaka pwani yetu na maneno yake tunayo hadi leo. Balghamu tunayosema kifua kikikaza, ni balgham ya Kiarabu, nayo imetoka kwenye phlegma ya Kiyunani. Kwa hiyo huyo flegmatiki kwa Kiswahili cha zamani ni mtu wa balghamu, ni neno moja limepita njia mbili. Na safura, ugonjwa ule wa kuishiwa damu, jina lake limetokana na safra, nyongo ya njano, ndiyo ya huyo koleriki.

Nyanya yangu Mombasa hakusoma vitabu hivyo lakini alituangalia kwa jicho hilohilo. Mtoto akiwa na hasira hasira atamwambia leo umepata moto, kunywa dafu ukalale, tangawizi na pilipili manga usiguse. Akizubaa kutwa atapikiwa mchuzi wa pilipili manga. Hata siku moja hakumwambia mtoto wewe ni wa moto maisha yako yote. Alikuwa anasema LEO. Na kwa Kiarabu hulka ya mtu ni mizaj, yaani mchanganyiko, na hilo neno temperamenti la Wazungu kwa Kilatini asili yake ni kuchanganya kwa kiasi. Wale wazee wenyewe waliotunga mambo haya walikuwa wanazungumzia mchanganyiko unaopanda na kushuka, unaotengenezwa kwa chakula na usingizi na maneno. Dadangu hiyo semina imechukua nusu ya elimu yao.

FundiSuti_Temeke

Mi sio msomi, nna kibanda cha kushona Temeke na vijana sita, ila hili la hulka nalijua kwa mikono.

Nna kijana mmoja ana haraka, mkasi wake haulali. Kazi za sare za shule pisi 80 zinatakiwa Ijumaa, bila huyo kijana nisingelala. Lakini mpe suti ya bwana harusi, kitambaa cha bei, atapiga chaki mara moja na kukata, mimi namwambia pima mara mbili anasema mzee nimeshapima. Ameshaniharibia kitambaa mara mbili nikalipa. Haraka ile inayoniokoa kwenye sare ndo hiyohiyo iliyonigharimu kwenye suti, sio vitu viwili, ni kimoja kwenye kitambaa tofauti.

Nna mwingine mkimya. Nlimweka mbele apokee wateja, wakawa wanalalamika kwamba ananuna. Nlitaka kumwachisha kazi kwa kweli. Siku moja nikamkuta kabaki peke yake saa mbili usiku, amefumua bega la koti ambalo mteja alishalikubali, futi iko shingoni, anashona upya kwa mkono. Nikamuuliza mbona mteja ameridhika? Akanambia "mzee likining'inia mimi nitaliona". Nikamtoa mbele nikamweka meza ya kukatia, sa hivi suti zote ni zake. Huyo ukimsifia mbele ya watu anaona aibu, anataka tu umwachie kazi ngumu na umpe muda. Yule wa haraka yeye ukimsifia mbele ya wateja wiki nzima anafanya kazi ya watu wawili. Hela nawalipa sawa, kinachowanyanyua asubuhi ni tofauti.

Lakini nlikosea kwa binti mmoja mchangamfu, yeye ndo redio ya kibanda, anaimba kutwa, nikajua huyu hana shida, nikawa namwongezea kazi kwa sababu hanuni. Kumbe alikuwa anauguza mama yake usiku anakuja kazini hajalala, siku alipoanguka kwenye cherehani ndo nikajua. Nlimwona kila siku na sikumuuliza kwa sababu nlishamwekea jina kichwani. Hilo mpaka leo linanisumbua.

Dada huyo jamaa yako anataka nini hasa na hiyo haraka yake? Muulize hivohivo, usimuulize we ni koleriki?

Mwanamoro28

Ndugu zangu nimewasoma wote, nimesoma mara tatu, Mungu awabariki. Mwalimu uliponiuliza zile 13 nikaenda kuitafuta karatasi kwenye mkoba, 8 ni melankoli na 5 ni koleriki. Na nikaona mahali nimefuta tiki. Nlianza kuweka kwenye "mwenye msimamo" nikafuta nikahamia kwenye "mpole" kwa sababu mwenzangu alikuwa amekaa pembeni anaona.

Jana jioni nimeongea nae. Nlimwambia tu kuhusu ngazi na magoti ya mama. Alinyamaza afu akaniuliza, "ulijua siku ile?" Nikamwambia nlijua. Akaniuliza tena kwa nini nlisema sawa, nikamweleza kwamba mi nikisema sawa mara nyingi namaanisha nimekusikia, bado sijakubali, na kwetu ndo tumezoea hivo, baba akisema jambo unasema sawa, afu kesho yake mama ndo anarudi kwake na maoni ya watu wote. Akasema yeye kwao sawa ni sawa.

Nikamuuliza kama fundi alivyosema, hii haraka unataka nini. Hakujibu palepale, alikaa anachezea funguo za pikipiki. Afu akaniambia harusi ya kaka yake mkubwa chakula kiliisha kabla upande wa bibi harusi haujahudumiwa, yeye ndo alikuwa anasimama mlangoni pa jikoni kuwaambia wakwe hakuna tena, alikuwa form two. Anasema kila akifunga macho anaona mama yangu ameshika sahani tupu. Ndo mana kila kitu anataka kilipiwe mapema.

Sikuwa najua. Miaka mitatu niko nae na sikuwa najua.

Tumekubaliana kwamba nikitaka muda nitasema "nipe mpaka kesho" na yeye asilipe kitu chochote siku hiyohiyo. Leo mchana tumeenda ukumbini kuhesabu ngazi, ziko 22 na hazina mahali pa kushika upande mmoja. Yeye ndo alizihesabu, alipanda na kushuka mara mbili. Chini kuna ukumbi mdogo wa watu 150, sisi kadi tumetoa 200. Jumatatu tunaenda kumwona mwenye ukumbi kuhusu kile kianzio, na safari hii mi ndo naongea.